Mshahara Uliobadilishwa Mara Kumi

Somo: Mwanzo 28:10 hadi 31:42

Leo tunakaa na Yakobo, lakini si Yakobo wa ngazi na malaika peke yake, maana huyo mmemsikia karibu kila kesha. Leo tunamtazama Yakobo mfanyakazi. Kijana aliyetoka kwao Beer-sheba, akatembea mamia ya kilomita mpaka Harani, mji ambao magofu yake leo yako kusini mwa Uturuki karibu na mpaka wa Siria, na huko akapata kazi yake ya kwanza. Majuu. Bila kwenda majuu kwa ndege, lakini majuu ni majuu.

Idara ya vijana wameniomba nizungumzie jambo hili kwa sababu joho zimevaliwa, picha zimepigwa, mbuzi wameliwa, na sasa swali limebaki mezani: kazi iko wapi? Wengine hapa mmetarmaki mwaka mzima na ile bahasha ya kaki ya vyeti imeanza kuchanika kwenye kona. Na kila ukifungua simu kuna mtu anasema Qatar wanataka watu, Ujerumani wanataka watu, Poland wanataka watu. Sisemi usiende. Nisikilize vizuri, ili kesho asitokee mtu wa kusema mchungaji amekataza watoto wetu kusafiri. Mungu mwenyewe alimwambia Yakobo kwamba atakuwa pamoja naye kila aendako na kwamba atamrudisha. Ninachotaka tuone ni jinsi mtu mwenye ahadi kama hiyo alivyodhulumiwa mshahara kwa miaka 20.

Hapo ndipo pananigusa mimi niliyesomea biashara kabla ya kusomea Neno. Ahadi ya Mungu haikuwa badala ya kusoma mkataba.

Tuanze Betheli, Mwanzo 28. Yakobo amelala nje, jiwe ndilo mto wake. Anaamka, anaweka nadhiri. Hebu angalia anachoomba. Mkate wa kula, nguo ya kuvaa, na kurudi nyumbani kwa baba yake kwa amani. Basi. Hajataja gari, hajataja nyumba ya ghorofa ya kujenga kijijini. Na tazama mpangilio wa mambo: Bwana alijitambulisha kwake kabla ya kazi, kabla ya mwajiri, kabla ya kufika. Yakobo alishangaa kwamba Bwana yuko hata mahali pale palipokuwa jangwa tu kwake. Ndugu yangu, dada yangu, kama unategemea viza ndiyo ikuonyeshe kwamba Mungu anakupenda, umeshapindua mpangilio.

Na hapa niseme neno kwetu sisi kanisa. Tumefanya viza kuwa ushuhuda mkubwa kuliko wokovu. Kijana akisema ameokoka, watu wanapiga makofi mawili matatu. Akiinua pasipoti madhabahuni, kanisa linaruka. Wako wahubiri, si hapa kwetu, nashukuru Mungu, wanaoita watu waje na pasipoti na mbegu ya shilingi 10,000 ili milango ya ubalozi ifunguke. Wapendwa, afisa wa viza anasoma taarifa ya benki yako, cheti chako na barua ya mwajiri. Hakuna malaika anayedai ada ili akasogeze faili lako. Tutaomba, tena tutafunga, lakini hatutauza maombi.

Haya. Yakobo anafika Harani, sura ya 29. Kitu cha kwanza anachofanya kisimani ni kuuliza maswali. Anawauliza wachungaji wanatoka wapi. Anawauliza kama wanamjua Labani. Anauliza kama Labani yu mzima. Maswali matatu kabla hajamwona mwajiri uso kwa uso, na anawauliza watu wa pale pale, si mtu wa kati aliyeko mbali. Sisi siku hizi tunauliza nini? Tunauliza, "Ni ngapi, na nitalipa kwa M-Pesa?"

Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na ndiyo inayosajili mawakala wa kupeleka watu kazi nje. Orodha ya waliosajiliwa ipo, iko wazi, ni ya kuangalia tu. Kama jina la ajenti wako halimo, usiniletee maelezo kwamba yeye ni mtu wa Mungu. Ukitaka kuuliza kama Yakobo, mtafute Mkenya anayefanya kazi katika kampuni ile ile leo, si aliyeondoka miaka mitano iliyopita, umuulize mshahara unaingia tarehe ngapi, mnalala wangapi chumba kimoja, na pasipoti yako iko wapi saa hii. Swali la pasipoti ni muhimu sana. Qatar, kwa mfano, sheria inakataza mwajiri kumnyang'anya mfanyakazi pasipoti. Mtu akikuambia ameikabidhi ofisini "kwa usalama", umeshapata jibu lako.

Wengine hawakuuliza. Mnakumbuka vijana wetu waliokwenda Thailand mwaka 2022, wasomi, wenye digrii, wakaahidiwa kazi za mauzo na huduma kwa wateja, kisha wakavushwa mpaka hadi Myanmar na kufungiwa kwenye majengo ya utapeli wa mitandaoni? Serikali ikaokoa baadhi yao. Mwaka 2025 wengine wengi wakaokolewa kutoka kule kule. Hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wenye haraka, na mtu mwenye haraka hauzi swali lake, anameza jibu lolote atakalopewa.

Turudi kwa Yakobo, maana maswali yake yote mazuri hayakutosha. Labani ni mjomba wake. Alimkumbatia, akambusu, akamwita damu yake. Akamkaa naye mwezi mzima akifanya kazi bila mshahara kutajwa. Ndipo Labani, kwa sauti ya upole, akamwambia si vizuri afanye bure eti kwa sababu ni jamaa, ataje mshahara wake. Yakobo akataja: miaka saba kwa Raheli. Mnajua kilichotokea asubuhi baada ya harusi. Ni Lea. Na alipolalamika, Labani hakutoa hata tone la jasho. Alimweleza kwamba desturi ya mahali pale haimruhusu mdogo kuolewa kabla ya mkubwa.

Mbona hakumwambia mapema? Desturi ilikuwepo miaka yote saba! Ilikuwa imeandikwa kwa herufi ndogo chini ya mkataba, na Yakobo alisoma herufi kubwa peke yake, jina Raheli.

Wapendwa, herufi ndogo ndizo zinazowaliza watoto wetu. Umeahidiwa kazi ya mapokezi hotelini, unafika mkataba ni wa Kiarabu na kazi ni ya usafi. Umeahidiwa mshahara fulani, unafika chakula na nyumba vinakatwa humo humo. Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2007 imelitazama jambo hili. Inasema mkataba wa kazi ya nje uwe katika muundo uliowekwa, utiwe sahihi na pande zote, na uthibitishwe na afisa wa kazi. Na afisa huyo haruhusiwi kuthibitisha mpaka aridhike kwamba mfanyakazi ameelewa masharti na hakulazimishwa wala kudanganywa. Mnaona? Serikali inataka uelewe. Labani ndiye hataki uelewe. Basi ajenti akikuambia mkataba utausaini ukifika, mwambie asante, na uende zako nyumbani ukanywe chai.

Na uchungu ni kwamba Labani alikuwa jamaa. Wengi wenu mnaoumia hamkuibiwa na mgeni. Aliyekupeleka ni binamu, ni rafiki wa shule, pengine ni mtu mnayeimba naye kwaya moja. Undugu ni mzuri kwa kukaribishana chakula. Kwa mkataba, tumia karatasi.

Sasa hesabu, mnisamehe, digrii yangu lazima ilipwe. Qatar iliweka mshahara wa chini wa riyali 1,000 kwa mwezi kuanzia Machi 2021, na kama mwajiri hatoi nyumba na chakula anaongeza 500 kwa nyumba na 300 kwa chakula. Hizo riyali 1,000 ni kama shilingi 35,000 hivi. Si mbaya kwa mtu anayekaa bure na kula bure. Lakini tuchukue mfano wa familia iliyokopa shilingi 200,000 kwa mkopeshaji wa mtaani kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi ili mtoto aende. Riba peke yake ni 20,000 kila mwezi. Mtoto anabakiwa na 15,000 za kutuma nyumbani, kununua sabuni, kupiga simu. Na ile laki mbili haijaguswa! Baada ya mkataba wa miaka miwili familia imelipa riba ya 480,000, na deni bado limesimama pale pale mlangoni kama siku ya kwanza. Halafu kuna HELB, ambayo haijali uko Doha au Donholm. Ukikaa kimya inaweka faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi. Mzazi, usiweke hati ya shamba kabla hujafanya hesabu hii na mtu asiyepata kamisheni.

Ujerumani nako, kwa sababu najua mnangoja nifike huko. Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa uhamiaji na ajira mjini Berlin. Siku hiyo hiyo habari zikaenea kwamba kuna nafasi 250,000 za Wakenya. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikajitokeza na kusema hakuna idadi yoyote kama hiyo katika mkataba. Mlango upo, na uko wazi kwa wenye ujuzi, lakini ni mlango wenye kizingiti. Muuguzi anahitaji Kijerumani cha kiwango cha B2 kwa kawaida ndipo atambuliwe kikamilifu. Anayetaka kwenda kutafuta kazi kwa ile kadi mpya ya fursa iliyoanza Juni 2024 anapewa hadi mwaka mmoja, anaruhusiwa kibarua cha saa 20 kwa wiki, lakini aonyeshe kwamba anaweza kujikimu, zaidi ya yuro 1,000 kwa kila mwezi. Piga hesabu ya miezi 12 uone kama hufiki shilingi milioni moja na nusu. Kwa hiyo kijana mwenye umri wa miaka 23 ambaye hana pesa hizo, wakati wake hauko bure. Anaweza kuanza A1 leo. Nitakuambia ukweli: miezi kumi ya kujifunza lugha ni maombi yenye miguu.

Halafu kuna swali mnalonijia nalo ofisini kwa sauti ya chini. "Pasta, nina digrii. Niende nikawe mwanafunzi wa ufundi tena? Niende nikatunze wazee?" Yakobo alikuwa mtoto wa tajiri. Isaka alikuwa na mifugo mpaka Wafilisti wakamwonea wivu. Na mtoto huyu akaenda kuchunga mifugo ya mtu mwingine. Sioni aibu hapo. Ila tazama jambo moja: ilikuwa mifugo. Kazi aliyoanza nayo ugenini ilikuwa inagusa kitu alichokijua toka nyumbani, na miaka ile ikamnoa akawa bingwa. Kwa maoni yangu, na mnaweza kunipinga tukinywa chai, kazi ya kwanza ipimwe kwa swali hili kabla ya mshahara: baada ya miaka miwili nitajua nini ambacho leo sijui? Kama jibu ni hakuna, iwe basi una sababu nyingine nzito sana ya kuifanya, na uijue hiyo sababu, na uiwekee mwisho.

Biblia inasema miaka ile saba ya kwanza ilikuwa kwake kama siku chache tu, kwa vile alivyompenda Raheli. Wahubiri tunaupenda mstari huo. Tunasema, oneni, ukiwa na kusudi kazi inakuwa tamu. Ni kweli kabisa. Lakini soma uendelee. Ile miaka mitamu ndiyo aliyodhulumiwa zaidi! Moyo wake ulikuwa umetosheka, na wakati huo huo alikuwa anaibiwa. Kwa hiyo kuridhika kwako kazini si ushahidi kwamba mkataba ni wa haki. Unaweza kuwa na bosi mcheshi, wenzako wazuri, unaimba ukifanya kazi, na bima yako ya afya hailipwi. Ridhika, lakini hesabu hati yako ya mshahara.

Na kinyume chake pia ni kweli, kwa wale mlioko nje mnaosoma jarida hili mkitumiwa picha kwenye WhatsApp. Unafanya kazi ngumu, baridi imekushika, usingizi umekuruka. Yakobo alimwambia Labani maneno hayo hayo, mchana joto lilimla na usiku baridi, na mnyama akiraruliwa hasara ilikuwa yake. Katika miaka ile ile, hata hivyo, Labani mwenyewe alikiri kwamba amebarikiwa kwa ajili ya Yakobo. Uchungu wa kazi hauna maana kwamba Mungu hayuko katika kazi.

Angalia sasa Yakobo wa sura ya 30. Miaka 14 imepita. Anaomba kurudi kwao. Labani anambembeleza, ataje tena mshahara. Safari hii Yakobo hasemi kama alivyosema akiwa kijana. Mkataba wa kwanza ulikuwa na shida moja kubwa: malipo yote yalikuwa mkononi mwa mwajiri mpaka siku ya mwisho. Wa pili, Yakobo anasema achukue mbuzi wenye madoadoa na kondoo weusi. Mtu yeyote akipita zizini anaona kilicho cha nani. Hakuna ubishi, hakuna "kwetu desturi ni hivi". Ndiyo hatua ya mtu aliyekomaa kazini, anajadiliana juu ya kitu kinachoonekana. Barua. Hati ya malipo ya kila mwezi. Pesa kupita benki, si mkononi. Nakala ya mkataba umeituma kwa dada yako nyumbani kabla ya kupanda ndege.

Labani bado alijaribu. Siku ile ile akawatoa wenye madoadoa, akawapeleka mwendo wa siku tatu. Kuna waajiri wa namna hiyo, hakuna karatasi itakayowazuia kabisa. Ndiyo maana mwisho wa hesabu zake zote Yakobo alisema kwamba kama Mungu wa baba zake asingekuwa upande wake, angeondoka mikono mitupu. Alisema hivyo akiwa na mkataba mzuri. Mimi nawapenda watu wanaoweza kusema vyote viwili.

Nimalizie na jambo ambalo halihubiriwi. Mwanzo 31, Yakobo anawaita Raheli na Lea kondeni, mbali na masikio ya watu, na anawaambia ukweli. Baba yenu amenidanganya, amebadilisha mshahara wangu mara kumi. Miaka 20, na ndipo tunapomwona akifungua kinywa nyumbani kwake. Wake zake hawakumlaumu. Wakasema wao pia wamehesabiwa kama wageni na baba yao, naye ametafuna fedha yao. Basi afanye alichoambiwa na Mungu.

Kuna vijana wetu Dammam, Doha, Dubai, wanapiga simu Jumapili jioni wakiwa wamesimama mahali pazuri ili picha itokee vizuri. Mama anauliza, "Uko sawa?" "Niko sawa, Mama." Hayuko sawa. Hajalipwa miezi mitatu. Lakini anajua hapa nyumbani tulichanga harambee, tukatangaza, tukala pilau kwa ajili yake, na anaona aibu kurudi kama aliyeshindwa. Mzazi, leo usiku ukipiga simu, usianze na "umetuma?" Mwambie mlango uko wazi. Mwambie akirudi na begi moja bado ni mtoto wako. Mwambie kama mambo ni mabaya, ubalozi wetu upo, na kanisa lipo, na tutaandika barua na kugonga milango pamoja naye.

Na wewe unayesafiri mwezi huu, usiondoke kimya kimya kana kwamba unamtoroka mtu. Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili, idara ya vijana itaweka meza karibu na ofisi. Watakuwepo washirika wawili waliofanya kazi Ghuba wakarudi, mmoja anayefundisha Kijerumani, na wakili wetu wa kanisa. Leta mkataba, hata ukiwa haujatiwa sahihi. Hasa ukiwa haujatiwa sahihi. Leta jina la ajenti tuliangalie pamoja kwenye orodha. Haulipi kitu. Tukishasoma kila ukurasa, tutakuwekea mikono na kukuombea, kwa jina la Yesu, uende kwa amani na urudi kwa amani.